Miezi Sita Mbele

Anayetafuta chumba Dar es Salaam huulizwa swali moja kabla hajaonyeshwa hata mlango: "Una miezi mingapi?" Dalali hana haja ya kujua unaweza kulipa kiasi gani kila mwisho wa mwezi. Anachotaka kujua ni miezi uliyonayo mkononi leo. Mwenye mitatu atazungushwa, mwenye sita atahudumiwa, na mwenye mwaka mzima atapigiwa simu hata usiku.

Tupige hesabu. Chukua chumba na sebule chenye choo ndani, maeneo ya Sinza au Kijitonyama, kinachopangishwa kwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 1,500,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, 250,000. Jumla 1,750,000, na hapo hujalipa kirikuu cha kubebea godoro wala hujanunua umeme. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini ni shilingi 500,000. Mtumishi wa kima hicho inabidi akusanye mishahara mitatu na nusu bila kukatwa chochote, asile, asipande daladala, asitume kitu kijijini, ndipo akabidhiwe funguo. Na huyo ana ajira ya serikali. Anayeuza duka la mtu Kariakoo, fundi simu, mlinzi wa kampuni, wote hao wanasubiri foleni nyuma yake.

Naanza na hesabu kwa sababu mazungumzo ya ughali wa nyumba katika jiji hili huishia kwenye bei ya mwezi. Bei ya mwezi, kwa wengi wenye kazi, inalipika. Kwa kubana, lakini inalipika. Kinachowavunja mgongo ni kulipa mwezi wa sita kabla wa kwanza haujaanza. Nimewaona watu wazima, wenye familia na heshima zao, wakirudi kulala sebuleni kwa shemeji kwa sababu hiyo tu.

Madalali wana vijiwe karibu kila mtaa: chini ya mwembe, ubavuni mwa kibanda cha miamala ya simu, na ubao ulioandikwa kwa brashi kwamba hapa pana nyumba, viwanja na fremu. Wana maneno yao, na anayezunguka nao siku mbili tatu huyajua yote. Nyumba ipo barabarani. Maji hayakatiki. Umeme unajitegemea. Mko wapangaji wawili tu. Kuna sifa nyingine inayotajwa mwisho, kwa sauti ya kukupa zawadi: mwenye nyumba hakai hapo. Sifa hii imenifikirisha kuliko zote. Maana yake, kuishi pamoja na mwenye nyumba kumekuwa kero inayojulikana na kila mtu, hata kutokuwapo kwake kuna bei.

Kabla ya kupanda bodaboda unatoa hela ya kuonyeshwa nyumba. Ukionyeshwa tatu zisizokufaa, hela imeshaliwa, na kesho kijiwe kingine utaanza upya. Wapo wanaokuonyesha chumba ambacho kimeshapangishwa wiki iliyopita, ili mradi siku iende. Wapo wanaoweka cha juu: mwenye nyumba amesema laki mbili, wewe unaambiwa laki mbili na nusu. Hayo yote ni mabaya na nayaita mabaya. Lakini dalali huyo naye ni mpangaji. Hana mshahara, asipopata mteja anayelipa, analala na njaa, na kamisheni ya mwezi mmoja anayokutoza mara nyingi inagawanywa kwa watatu: aliyeleta habari, aliyekupeleka, na kijana wa pale nyumbani aliyefungua geti. Hasira zote tunazomwelekezea zinamkuta mtu wa chini kabisa katika mnyororo.

Nilimsindikiza mdogo wangu kutafuta chumba Tabata. Yeye ni muuguzi katika zahanati ya mtu binafsi. Tulipelekwa nyumba yenye korido ndefu, vyumba pande zote mbili, rangi mpya ya maziwa. Kwenye kona ya chumba, usawa wa goti, rangi ilikuwa imevimba na ukiibonyeza kwa kidole inabonyea. Maji ya masika yalikuwa yamepita humo, na rangi ile mpya ilipakwa juu ya unyevu. Mita ya LUKU ilikuwa moja kwa vyumba vyote. Pembeni yake, kwenye msumari, palining'inia daftari la shule lenye majina ya wapangaji na shilingi elfu tano tano walizochangia. Jina moja lilikatwa kwa kalamu nyekundu. Dalali akalionyesha kwa kidole: "Ndiyo chumba chenu hicho, dada yangu. Ametoka juzi." Chini ya jina lililokatwa deni lake la umeme lilikuwa limeachwa vilevile. Nilielewa kwamba tukihamia, deni hilo nalo litatafuta mtu.

Kisha tukapelekwa kwa mama mwenye nyumba, uani, akichambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Nani anayehamia?"

"Huyu mdogo wangu."

"Umeolewa, mama?"

"Bado, mama."

"Kazi?"

"Muuguzi. Zahanati ya hapa mbele."

"Zamu za usiku zipo?"

"Zipo, mama. Kwa wiki mara mbili au tatu."

Mama aliacha kuchambua. "Mwanangu, mimi nina watu wazima humu ndani. Binti anatoka saa mbili za usiku, anarudi alfajiri, majirani watasema nini? Na geti nalifunga saa nne."

Mdogo wangu alinyamaza. Anayewatunza wagonjwa wa mtaa ule ule, wakati mtaa umelala, alikuwa anatakiwa athibitishe kwamba si mhuni. Dalali akaingilia, akasema kwa upole kwamba dada ana miezi sita yote. Mama akatazama sinia lake kidogo, akasema, "Basi kama ni hivyo tutaelewana. Ufunguo wa geti mtachonga."

Sikumchukia mama yule. Alikuwa na ukarimu, alitukaribisha chai, na wasiwasi wake juu ya nyumba yake naamini ulikuwa wa kweli. Lakini jibu lile limenikaa moyoni kwa sababu lilionyesha wazi jinsi miezi sita inavyofanya kazi. Inalipa kodi, na juu ya kodi inanunua kuaminiwa. Asiye nayo habaki na chochote cha kujitetea zaidi ya sura yake na majibu yake. Kapera anaambiwa ataleta wanawake. Binti anaambiwa ataleta wanaume. Mwenye watoto wanne anaulizwa idadi kabla ya salamu kuisha, na najua wazazi waliotaja wawili, wakawaleta wengine wawili baada ya mwezi, usiku, kama magendo. Watu wanafundishwa kuwaficha watoto wao ili wapate pa kuwalaza. Sijui fedheha kubwa kuliko hiyo kwa mzazi.

Haikuwa lazima tufike hapa, na Sinza yenyewe ni shahidi. Viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nia ilikuwa watu wa kipato cha chini wapate kiwanja kilichopimwa, barabara na maji, kisha wajijengee kwa nguvu zao. Wengi walijenga nyumba ya Kiswahili tunayoijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na familia yake, vilivyobaki akapangisha. Leo pita mitaa ile ile uone. Nyumba za vyumba sita zinavunjwa, panapanda ghorofa la apatimenti zenye marumaru na jipsamu, na mtu wa kipato cha chini, ambaye viwanja hivyo vilikusudiwa kwake, hawezi kulipa hata chumba kimoja humo.

Serikali nayo ilishawahi kuwa mwenye nyumba mkubwa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa 1962. Mwaka 1971 sheria ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye 1990 shughuli zake ziliunganishwa na Shirika. Kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba ya 1984, iliyompa mpangaji mahali pa kupeleka lalamiko lake. Ikafutwa 2005. Sidai kwamba enzi zile zilikuwa pepo. Anayezikumbuka anakumbuka pia mabomba yaliyovuja miaka bila fundi na nyumba zilizopatikana kwa kujuana. Ila sheria ilipoondoka hapakuwekwa nyingine yenye uzito ule, wakati jiji linafura. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni 1 waliongezeka katika miaka kumi, na wengi wao walipokelewa na mama kama yule wa Tabata, kila mmoja na masharti yake.

Na huyo mama, miezi sita anaipeleka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Nchini kwetu nyumba kwa kawaida haijengwi kwa mkopo wa benki. Mikopo ya nyumba yote ikijumlishwa haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa. Mtu hujenga kwa mkono wake, kidogo kidogo: mwaka huu kiwanja, mwakani msingi, kisha tofali, lenta, boma linasimama miaka mitatu likipigwa na mvua, ndipo anapaua. Mzee mmoja mstaafu wa Kimara aliniambia bila kuficha kwamba kodi ya mwaka ya mpangaji wa nyumba ya mbele ndiyo iliyopaua nyumba ya nyuma, na kodi ya nyumba ya nyuma ikatia madirisha na grili katika zote mbili. Alisema hivyo kwa fahari, na ana haki ya fahari hiyo. Hakuiba kwa mtu, alijinyima, na pensheni yake isingeweza kununua hata mabati. Kodi ya mwezi mmoja mmoja ingeliwa. Kodi ya mwaka ni fungu, na fungu ndilo linalojenga.

Sasa mtazame mpangaji aliyelitoa fungu hilo. Amelipata wapi? Wachache waliweka akiba. Wengi walikopa kwenye kikoba, au kazini, na wasiokuwa na kikoba wala kazi yenye mkopo walikwenda kwa wale wa kausha damu, wanaotoza riba kwa wiki na kushika kadi ya benki kama dhamana. Kwa hiyo mtu asiye na nyumba anakopa kwa riba ya kuumiza, kisha fedha hiyo hiyo anamkopesha mwenye nyumba bila riba yoyote, bila dhamana, na wakati mwingine bila risiti. Mpangaji ndiye benki iliyojenga sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mabati ya Goba, madirisha ya Kinyerezi, kisima cha Mbezi, humo mna fedha ya watu ambao kodi ilipoisha waliambiwa wahame.

Hakuna mkopeshaji duniani asiyepata sauti kwa mkopo wake, isipokuwa huyu. Yeye akishatoa, ndipo anapoipoteza kabisa. Anayelipa kwa mwezi, choo kikivuja na mwenye nyumba asijali, mwisho wa mwezi anafungasha. Huyo ana cha kushika. Aliyelipa sita anabaki na choo chake hadi Desemba. Anapiga simu, anaambiwa fundi atakuja Jumamosi. Anapiga tena, simu haipokelewi. Mwishowe anamwita fundi mwenyewe, analipa mwenyewe, na miezi sita ikiisha anapata ujumbe mfupi kwamba kodi imepanda kwa kuwa nyumba sasa ni nzuri zaidi.

Mkataba upo, ndiyo. Mara nyingi ni ile fomu inayouzwa steshenari, yenye vistari vya kujaza jina, kiasi na tarehe, kisha ikagongwa muhuri na serikali ya mtaa. Ukiusoma wote utaona ya mpangaji yamejipanga: asipangishe mwingine, asibadili chochote bila ruhusa, asifuge, alipie uharibifu. Ya mwenye nyumba hayapiti mstari mmoja au miwili. Mgogoro ukitokea kuna Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, yaliyoanzishwa chini ya sheria ya 2002. Lakini aliyefukuzwa na miezi miwili yake ndani anahitaji kwanza pa kulala leo, na miezi sita mingine ya kulipia. Baraza litamsubiri, watoto hawawezi kusubiri.

Ndiyo maana watu wanakimbia. Wanasogea Chanika, Chamazi, Mbagala ya ndani, Bunju, wengine wanavuka hadi Kibaha na kuamka saa tisa usiku wawahi usafiri wa kazini. Na wapo wanaohamia kwenye boma lao kabla halijawa nyumba. Nimetembelea familia moja hivyo: paa lipo, sakafu ni udongo, madirisha yamezibwa kwa turubai na vipande vya mabati, umeme unavutwa kwa jirani. Mbu walikuwa wengi na mtoto mchanga alikuwa na kifua. Mama wa nyumba alinionyesha vyumba vyote kwa furaha, hapa patakuwa jiko, hapa stoo, na aliposema "hapa hatuamshwi na mtu wa kodi" niliona mabega yake yakishuka. Walikuwa wamechagua baridi na mbu kwa hiari, kwa kupima, baada ya kulinganisha na kule walikotoka.

Tuangalie kwa wenzetu. Nairobi, jiji ambalo kwa bei si rahisi hata kidogo, mpangaji huingia kwa kodi ya mwezi mmoja na amana, kisha hulipa kila mwezi. Wenye nyumba wa huko hawajafilisika. Ghana nako, tangu 1963, sheria imekataza kudai kodi ya awali ya zaidi ya miezi sita, na bado wapangaji wa Accra wanadaiwa mwaka na miaka miwili, kwa kuwa sheria isiyo na wa kuisimamia huishia kwenye karatasi. Yote mawili yatufae. Tunahitaji sheria inayoweka kikomo cha kodi ya awali, na ngazi ya karibu, ya mtaa au kata, yenye uwezo wa kusikiliza shauri la kodi ndani ya wiki na kuamua. Tunahitaji pia kumpa mstaafu wa Kimara njia nyingine ya kupaua nyumba yake, mkopo mdogo wa riba nafuu kwa anayejenga vyumba vya kupangisha, maana tukimfungia mlango huu bila kumfungulia mwingine atapandisha bei, na atakayelipa ni yule yule. Wabunge wanaotoka majimbo ya jiji hili wanawakilisha wapangaji wengi. Wapangaji hao wana haki ya kuuliza, katika kila mkutano wa hadhara, muswada uko wapi.

Lakini sheria itachelewa, na mpangaji wa wiki ijayo anakuja wiki ijayo. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma na una nyumba, hata ya vyumba viwili tu: mpokee kwa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja. Mwandikie risiti. Andika kwenye mkataba nani anatengeneza choo na kwa muda gani. Usimuulize muuguzi anarudi saa ngapi, wala mzazi ana watoto wangapi. Muulize kama ataweza kulipa, na umpe ufunguo wa geti.